Ninavyopitisha majike wenye mimba kubwa kwenye krashi

Nafuga ng'ombe Kongwa, mkoani Dodoma: Boran na chotara wake. Dume hukaa na majike mwaka mzima, kwa hiyo siku yoyote ya kazi ikifika hapakosi jike mwenye mimba ya miezi minane. Ukimwangalia kwa nyuma, tumbo limetokeza huku na huku kama mtu aliyebeba madumu mawili ya maji. Krashi ya kijijini kwetu, yaani njia nyembamba ya magogo ya kumbania ng'ombe anapohudumiwa, imejengwa kwa kipimo cha ng'ombe wa asili, wale wadogo, na jike wa namna hii akiingia anasugua magogo pande zote. Siku moja jike wa jirani alikwama katikati, wenzake wamejipanga nyuma yake, vijana wanampiga mkiani utadhani fimbo inapunguza tumbo. Ilibidi magogo yakatwe kwa msumeno ndipo akatoka. Nikaona bora nijenge yangu.

Fundi alitaka kuta zisimame wima, nikamkatalia. Ng'ombe ni mwembamba miguuni, mpana tumboni. Ukijenga wima ukampa mwenye mimba nafasi yake, mtamba, jike mchanga ambaye hajazaa, akiingia anageuka humo humo na kazi inaharibika. Kuta zangu zimelala kwa nje: chini sentimita 45, juu 85. Tumbo linapita, miguu inabaki kwenye njia yake. Upande mmoja magogo yamekazwa moja kwa moja. Upande wa pili yanachomoka, kila gogo limeingia kwenye vishikio vya chuma na mtu mmoja anaweza kulitoa. Hilo la magogo ya kuchomoa ndilo nisingekubali lipunguzwe hata pesa ingeisha.

Mbao za kubana shingo nazo zimenyooka wima toka juu mpaka chini. Zile zilizopindwa zinamshika vizuri, sikatai, lakini ng'ombe akipiga magoti zinamkaba koo. Kwenye zilizonyooka anaweza kushuka na shingo na bado akapumua.

Sakafu sikuiachia fundi. Saruji laini ikichanganyika na mavi mabichi ni utelezi mtupu, na jike mzito akitanuka miguu ya nyuma, nyonga ikiumia hainuki tena. Tulichora mistari ya kukatizana saruji ikiwa bado mbichi, mistari ya kina cha kidole, na kabla ya kazi tunamwaga mchanga mkavu.

Hata hivyo, shida kubwa niliyokuwa nayo ni watu. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na kila kigeni anachokiona mbele kinamsimamisha. Asubuhi moja jike wangu mwekundu, mtulivu kuliko wote, aligoma mlangoni mwa krashi. Kijana akainua fimbo. Nikamwambia, "Subiri, tazama anachokitazama." Masikio yote mawili yalikuwa yameelekea kulia, kwenye kanga yangu niliyoitundika kwenye nguzo, inapepea. Tuliitoa kanga, akanusa sakafu, akaingia mwenyewe. Tangu hapo nikaacha kutuma watu nyuma ya ng'ombe kabla mimi sijapita njia nzima nikitafuta kamba inayoning'inia, ndoo, kivuli cha gogo kilichokatiza sakafuni.

Kumsogeza hakuhitaji fimbo. Bega lake ndilo mpaka. Ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisogea mbele ya bega anarudi nyuma. Kosa la vijana wengi ni kusimama kichwani huku wanampigia kelele aende. Ng'ombe wa watu anaambiwa nenda na rudi kwa wakati mmoja. Nikitaka aende, natembea kando ya krashi kutoka kichwani kuelekea mkiani, nikilipita bega lake tu anasogea. Mbwa wanafungwa nyumbani. Redio pia.

Wenye mimba kubwa nawatenga tangu jioni, na alfajiri ndio wanaoanza, kabla jua la Kongwa halijakolea. Hawakai foleni hata kidogo. Zizi la kusubiria halijai zaidi ya nusu, na mwenye tumbo haingii krashi mpaka aliyeko mbele ametoka, maana anayebanwa kwa nyuma na mwenzake ndiye anayepanda juu au kuanguka. Akishapagawa, namrudisha zizini akae kama nusu saa. Damu ikiwa bado inachemka unapambana naye bure.

Mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipoanza, bwana mifugo aliniuliza, "Mama, hawa wenye mimba kubwa tuwaruke?" Nikamwambia, "Anza nao, daktari, ila hao wawili pale waache." Hao wawili viwele vilikuwa vimejaa, chuchu zinang'aa, nyama za pembeni mwa mkia zimelegea. Wa hivyo simpitishi popote, hereni ya utambuzi itangoja mpaka azae. Na kila chanjo nauliza kwanza kama inafaa kwa mwenye mimba. Ile ya ugonjwa wa kutupa mimba ya aina ya S19, kwa mfano, ina vimelea hai na yenyewe inaweza kumtupisha.

Kuna mmoja alilala ndani ya krashi. Tulifungua shingo kwanza, kisha magogo ya pembeni, kuanzia la chini. Watu wote kimya, wamerudi nyuma. Alikuwa ameegemea ubavu na tumbo limeanza kujaa gesi, tukamsukuma mpaka akalalia kifua, miguu ikiwa chini yake, tukaacha. Alikaa hapo anahema, akajitazama tumbo, akainuka kwa wakati wake. Kumvuta mkia au kumziba pua ili ainuke, kama wanavyofanya wengine, sikuruhusu. Alizaa salama.

Kwenye josho la kutumbukia, la dawa ya kupe, siwapeleki kabisa miezi ya mwisho. Kuruka kwenye maji yenye kina na tumbo lile ni kutafuta balaa, nami nina bomba la mgongoni. Nampulizia ndani ya krashi hiyo hiyo, masikio na chini ya mkia bila kuruka, anatoka.

Kwa upande wetu sisi watu, sheria ni mbili. Mkono haupiti kati ya magogo na shingo, maana akirusha kichwa mfupa unavunjika kabla hujapiga kelele. Na hakuna anayeingia nyuma ya ng'ombe kumpima mimba kabla gogo la nyuma halijapita pande zote na kufungwa kwa pini. Pembeni tumeacha upenyo wa sentimita 35: mtu anapita kwa ubavu, ng'ombe hapiti. Kijana wangu mnene alilalamika. Nikampa kazi ya geti.