Hii si dola, ni bohari

Tangu Jumapili sentensi moja haijanitoka kichwani. Nimekwenda nayo kazini, nimerudi nayo, juzi niliamka saa tisa usiku nikaikuta imekaa kitandani inanisubiri.

"Mjomba, hii si dola. Hii ni bohari."

Aliyeisema ni mpwa wangu. Angeisema kwa dharau ningemjibu na yangeisha. Aliisema taratibu, kama fundi anayegonga ukuta na kukwambia humu ndani kuna maji.

Tulikuwa mbele ya Stellaris, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola angani, kwenye dola yangu. Mwaka wa mchezo ulikuwa 2264. Nilikuwa nimemwita mwenyewe aje aone: nishati 15,000, madini 15,000, chakula hakina pa kuwekwa, vita sina, upungufu sina. Akazitazama zile namba za juu ya skrini, akauliza, "Meli ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Zilikuwa kumi na mbili, na mbili kati ya hizo ni za utafiti.

"Akiba haiozi," nikamwambia, kwa ile sauti ya kijomba.

"Inaoza, Mjomba. Ona, namba imesimama."

Kweli, ilikuwa imesimama. Ghala linaishia 15,000, na usipojenga maghala mengine, kila kinachoingia baada ya hapo kinapotea bila hata kengele. Mimi nilikuwa naingiza nishati 200 kila mwezi, na mwaka nilioijaza ghala naukumbuka vizuri maana nilishangilia peke yangu: 2254. Miaka kumi. Hesabu niliifanya kabla hajamaliza kuvuta kiti: 24,000. Yaani mhasibu mzima nimemwaga 24,000 mchangani huku nikizitazama na kutabasamu, na mtoto wa miaka kumi na tano ndiye kanikagua.

Halafu akaona ngazi ya ugumu. Kadeti, moja ya zile rahisi. Hakusema neno, aliguna tu. Lile "mh" nalo nimelibeba wiki nzima.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia ngazi za juu ni za watu wenye muda, kwamba kule kompyuta inakuwa na akili kuliko mimi. Akacheka, safari hii kweli.

"Haiongezewi akili, Mjomba. Inaongezewa mapato. Ukiweka Admirali Mkuu, ngazi ya juu kabisa, jirani yako anafanya kazi ile ile na anavuna mara mbili. Ujinga wake uko pale pale."

Kusema kweli hilo ndilo lililoniuma kuliko bohari. Miezi yote hii nimewaogopa majirani nikidhani ni werevu, kumbe ni watoto wa kuongezewa posho. Tena kuna namna ya kuweka nyongeza hiyo ije polepole, ianze kwa sifuri na ikue kadiri miaka ya mchezo inavyokwenda, ili usikabwe koo mapema. Kipengele chake kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Sikuwahi kukichagua, kwa sababu ngazi yenyewe sikuwahi kuigusa.

Akanionyesha dola yake. Nishati ilikuwa nyekundu, hasi 40 kila mwezi, na akiba 3,000 tu. Mwili ulinisisimka. Nikamuuliza analalaje.

"Elfu tatu kwa arobaini ni miezi sabini na tano, Mjomba. Nina miaka sita. Ndani ya miaka sita nitakuwa na sayari mbili zaidi."

Ofisini mtu akiniletea karatasi yenye hasi kila mwezi, namrudisha mlangoni. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilitafuta kosa, sikuliona.

Basi jana usiku nikaanza upya. Ngazi ya Kapteni, kile kipengele nimekichagua, na nadhiri nimeweka: ghala halitapita 5,000. Nikatumia! Nikaingia sokoni kununua aloi, chuma cha kuundia meli, na hapo mkono ulitetemeka kidogo, maana soko linakata asilimia 30 juu ya bei. Aloi ya nishati 4 inakufikia kwa 5.2, na kila ukinunua, bei inasogea juu. Nikanunua hivyo hivyo. Nikaunda meli za vita, nikaunda tena, jirani wa kaskazini akiniangalia vibaya nami namwangalia vibaya. Kufika 2238 nilikuwa na meli arobaini, na sijawahi kujisikia mkubwa namna ile.

Nilichosahau ni kwamba meli zinakula. Kila mwezi zinataka nishati, zinataka aloi, na ukipita idadi ambayo dola inaweza kuihimili, matunzo yanapanda juu ya meli zote, hata zile zilizolala bandarini. Jirani hakufyatua hata risasi moja. Hakuwa na haja. Nishati ilifika sifuri mwezi wa nane, adhabu zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa gizani nacheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo peke yangu. Miaka kumi na saba ya kufunga hesabu za watu, na mara ya kwanza kufilisika nimefilisika kwa gwaride.

Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia mpwa saa saba usiku, nikijua kesho mama yake atanisema. Akajibu papo hapo (kwa nini hakuwa amelala?): "Mjomba, vunja nusu ya meli. Bado unaokoka."

Leo jioni nitazivunja. Au labda theluthi. Nilitaka kukaa na karatasi nipige hesabu vizuri kwanza, ila nimeona sasa hivi mama amepiga simu mara mbili nikiwa kazini, na mama hapigi mara mbili. Nikimpigia, haipokelewi.