Jibu Lililozungumzia Mchana

Swali lile nalikumbuka karibu neno kwa neno, maana lilitukalisha mezani zaidi ya saa nzima. Ilikuwa Julai 2019, Sinza, Dar es Salaam, tukijiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara. Tulikuwa watatu: dada aliyekuwa ameshaufanya, mwenzangu na mimi.

Lilikuwa hivi: mji mmoja ulibadilisha taa za barabarani, ukaweka zenye mwanga mkali zaidi. Mwaka uliofuata ajali za usiku kwenye barabara hizo zikapungua kwa asilimia 30. Mhandisi wa mji akasema taa ndizo zilizoleta nafuu hiyo. Lipi kati ya haya, ikiwa ni kweli, linaimarisha zaidi dhana yake?

A: taa mpya zinatumia umeme kidogo. B: wakazi wengi wanasema sasa wanajisikia salama wanapoendesha usiku. C: ajali za mchana kwenye barabara hizo hazikupungua. D: magari yanayopita usiku yalipungua mwaka huo. E: miji mingine imepanga kuweka taa kama hizo.

Mwenzangu na mimi tulichagua B. C tuliifuta mara moja, maana hoja ilikuwa ya usiku.

"Dada, hiyo C inazungumzia mchana," nikamwambia.

"Kabla hujafuta, mdogo wangu, nitajie kitu kingine ambacho kingeweza kupunguza ajali."

Tukataja: matuta mapya, trafiki kuongezwa, lami kukarabatiwa, mafuta kupanda bei watu wakaacha magari nyumbani. Akaandika yote kwenye karatasi, kisha akauliza, "Haya, matuta yanalala mchana?"

Hapo C ikafunguka. Matuta, lami na bei ya mafuta vinafanya kazi saa zote. Kama kimojawapo ndicho chanzo, ajali za mchana nazo zingepungua. Hazikupungua, kwa hiyo sababu nyingi kati ya zile tulizoorodhesha zinadhoofika, na taa, ambazo huwaka usiku tu, zinabaki na nguvu zaidi. Jibu halikuitaja taa hata mara moja, ila ndilo lililoisaidia dhana kuliko yote. B ilipima hisia za watu, na mtu anaweza kujisikia salama huku ajali zikiongezeka.

Mwenzangu hakuridhika: trafiki wanaweza kuwa waliongezwa usiku peke yake. Kweli, wanaweza. Lakini kuimarisha si kuthibitisha. Kinachotakiwa ni jibu linalotufanya tuiamini dhana kuliko tulivyoiamini kabla ya kulisoma, na liongeze kuliko yale mengine manne. Na "ikiwa ni kweli" maana yake jibu lenyewe halibishaniwi. Unalipokea, kisha unapima linaisogeza hoja upande gani.

Akajaribu basi kuikanusha C aone kama hoja itaanguka. Dada akamzuia. Kipimo hicho ni cha maswali yanayotafuta kauli ambayo bila hiyo hoja haisimami. Jibu la kuimarisha laweza kuwa zuri sana na bado hoja ikaweza kuishi bila hilo.

Kisha akatupeleka London, mwaka 1854, kwa daktari John Snow, aliyeamini kipindupindu kinaenezwa na maji ya pampu ya Broad Street wakati wengi wakilaumu hewa chafu. Kiwanda cha bia cha mtaa huo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70. Walivuta hewa ile ile, ila walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hakufa hata mmoja. Na kuna mjane aliyeishi mbali, Hampstead, aliyekuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu aliipenda ladha yake. Hewa ya mtaa ule hakuivuta, lakini kipindupindu kilimuua. Hewa ipo bila maji, watu wanapona. Maji yapo bila hewa, mtu anakufa. Sijaona mfano bora zaidi wa ushahidi unaozifunga njia nyingine.

Mwaka ule wa 2019 sehemu ya lugha ya GMAT, yenye maswali kama haya, ilikuwa na maswali 36 kwa dakika 65, na ukishajibu hukuweza kurudi nyuma. Hata dakika mbili kwa swali hazikufika. Hata hivyo dada alisisitiza sekunde 20 za kutafuta sababu nyingine kabla macho hayajagusa majibu, kwa kuwa majibu ya mtego yameandikwa kuyavuta. D ndiyo ya hatari kuliko zote: ina usiku, ina magari, kila neno linaoana na hoja, ila inatoa chanzo kingine, kwa hiyo inabomoa. Tukaanza kuweka alama kando ya kila herufi: + inasaidia, − inadhuru, 0 haigusi. A sufuri, B sufuri, C jumlisha, D kutoa, E sufuri, maana mipango ya miji mingine haisemi lolote juu ya kilichotokea hapa.

Mwishoni akaibadilisha C: ajali za mchana nazo zilipungua kwa asilimia 30. Mwenzangu akaandika − bila kuulizwa. Akaibadilisha tena: kwenye barabara ambazo hazikubadilishiwa taa, ajali za usiku zilibaki vilevile. Nikaandika +, tukafungua swali la pili.