4-2-4 yataka winga wa kurudi

Jumapili tumefungwa nne moja na bado nasema 4-2-4, yaani mabeki wanne, viungo wawili kati na washambuliaji wanne mbele, ndo yetu. Najua watu hapa Malindi washaanza kusema mimi kocha nimewaachia vijana uwanja wazi, lakini ngojeni niwaeleze nlichokiona manake usiku ule sikulala, nlikua narudia mechi kichwani goli moja moja.

Mbele hakukua na shida. Mawinga wawili wamebandika kwenye mstari, mastraika wawili kati, na dakika ishirini za kwanza mabeki wao hawajui wamshike nani, beki wa pembeni akimfata winga anaacha shimo, akibaki ndani krosi yapigwa bila bughudha. Goli letu lilitoka hapo hapo. Shida ni katikati. Sisi viungo wawili wao watatu, basi kila saa mmoja wao yuko huru, apokea mpira, ageuka, atazamana na mabeki wetu uso kwa uso. Kipindi cha pili tukawa twacheza kuelekea upepo, na kusi ya msimu huu mwaijua, kipa wetu akibutua mpira wapanda wasimama hewani kisha wawaangukia wao, hapo hapo kati ambapo hatuna watu. Magoli matatu yaliingia ivo. Mawinga wetu wako kule juu mikono kiunoni, wala si kosa lao, mimi ndo nliwaambia wasirudi.

Jumatatu baada ya magharibi nikapanga vizibo vya soda pale barazani, vinne, viwili, vinne. Mzee mmoja wa maskani yetu alikua anakunywa kahawa, akaweka kikombe chini, akashika kile kizibo cha mbele kushoto akakivuta nyuma polepole kwa kidole mpaka kikakaa sawa na viungo wawili. Akaniambia, "Mwanangu, huyu ndo Zagallo."

Hapo nikaelewa. Brazil ya 1958, wale waliochukua Kombe la Dunia kule Sweden, kila mtu awataja kwa 4-2-4 na kwa Pelé wa miaka 17 na Garrincha kule kulia, lakini watu wasahau kwamba timu ile haikufungwa hata goli moja kwenye mechi nne za mwanzo, mpaka nusu fainali na Ufaransa! Timu yenye wanne mbele! Kati walikua Zito na Didi, Zito akilinda Didi akigawa, na Zagallo alikua winga wa kushoto ambaye mpira ukipotea tu ashafika kati kuwa wa tatu. Yaani ukiwa na mpira ni 4-2-4, ukiupoteza ni 4-3-3. Na sio kwamba kurudi kulimnyima raha ya kushambulia, kwenye ile fainali ya tano mbili na Sweden yeye pia alifunga.

Kwa iyo sibadilishi fomesheni, nabadilisha kazi. Kushoto atarudi, kulia atabaki juu. Straika mmoja asimame na yule kiungo wao wa chini ili asianze mashambulizi kwa raha zake. Beki mmoja wa pembeni akipanda mwenziwe anabaki, hili sitaki mjadala. Na kipindi tukicheza dhidi ya kusi kipa asibutue, tuanze kwa pasi za chini hata kama mashabiki watapiga kelele.

Kijana wetu wa kushoto asubuhi yuko baharini avuta nyavu, pumzi anayo, ila hajazoea kukimbia kugeukia goli lake, miaka yote aliambiwa winga asubiri mpira. Alhamisi maji yalipokupwa tukaenda ufukweni mchanga mgumu, nikachora mistari kwa kijiti, nikawa nampa mpira kiungo kwa makusudi aupoteze. Mara za mwanzo alichelewa, afika mtu ashageuka. Tukarudia, tukarudia, jua lishaanza kushuka, wenzake wamekaa wanatazama. Mara ya saba kama sijakosea alifika kabla ya mpira, akaukata kwa mguu wa nje akasimama nao akinitazama kama ataka ruhusa.

Nikamwambia sasa panda.