Dada wakubwa wa Ang Lee

Ukimtaja mwongozaji wa filamu Ang Lee kwa rafiki zangu, jibu ni moja: yule wa Wachina wanaopigana juu ya mianzi. Kweli, ni yeye, na mapigano yale nayapenda. Lakini filamu yake ninayoirudia kila mara ni ya Waingereza, Sense and Sensibility ya mwaka 1995. Ukiitazama jioni moja na Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, utaona kwamba zote mbili zinamhusu dada mkubwa yule yule.

Anza na Elinor, anayeigizwa na Emma Thompson, ambaye ndiye pia aliyeandika mswada na kupata Oscar kwa kazi hiyo. Baba amefariki, na kwa utaratibu wa urithi wa Uingereza ya wakati ule, nyumba inamwendea mtoto wa kiume wa mke wa kwanza. Mjane na mabinti zake watatu wanafungasha. Hapo sihitaji kumweleza mtu wa kwetu lolote; nani hajaona kikao cha kugombea nyumba kikianza hata arobaini haijafika? Elinor ndiye anayepiga hesabu za matumizi, ndiye anayesema sukari na nyama zipunguzwe. Kisha binti mmoja, Lucy, anamnong'oneza kwamba yeye ni mchumba wa siri wa Edward, mwanamume ambaye Elinor anampenda. Anamsihi asimwambie mtu. Elinor anaitunza siri hiyo, huku mdogo wake Marianne, anayelia mbele za watu bila haya, akimlaumu kwamba hana moyo.

Sasa mtazame Shu Lien wa Crouching Tiger, anayeigizwa na Michelle Yeoh. Mchumba wake aliuawa, na marehemu alikuwa ndugu wa kiapo wa bingwa wa upanga Li Mu Bai, undugu wa aina ile ya wazee wetu waliochanjiana. Kwa hiyo Shu Lien na Li Mu Bai wanapendana miaka nenda rudi bila kutamka, kwa heshima ya maiti. Anayewavuruga ni Jen, msichana anayetaka kila kitu leo, bila kumwomba mtu ruhusa. Marianne kabisa, ila huyu ana upanga.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, Tanga, na Crouching Tiger niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza. Wenzangu walizungumzia ngumi njia nzima. Mimi nilikuwa namfikiria Li Mu Bai akitumia pumzi yake ya mwisho kusema alichopaswa kusema zamani.

Wanaomsifu Lee kwa "kuchanganya" Mashariki na Magharibi mara nyingi wanatazama mavazi na muziki. Mimi naona mchanganyiko uko ndani zaidi, kwenye koo la mtu anayemeza neno. Alizaliwa Taiwan mwaka 1954, kwa wazazi waliotoka China bara. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, naye kijana akafeli mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili. Baadaye alisomea sanaa Marekani, akamaliza, kisha akakaa nyumbani miaka sita akiandika na kupika huku mkewe, mwanasayansi, akiilisha familia. Mtu aliyebeba deni la namna hiyo kwa baba yake hakuhitaji kufundishwa adabu za Waingereza wa mwaka 1811, mwaka ilipotoka riwaya ya Sense and Sensibility. Alizikuta kwao.

Na kilio kile cha Elinor! Edward anapokuja na kueleza kwamba aliyemuoa Lucy ni mdogo wake, Elinor analipuka kwa kwikwi, sauti isiyo na uzuri wowote, mpaka mama na wadogo zake wanatoka chumbani. Sijui kilio kingine cha sinema kilicholipiwa kwa subira ndefu hivyo.

Katika The Wedding Banquet ya mwaka 1993 upo upande mwingine wa kunyamaza. Kijana wa Taiwan anayeishi New York na mpenzi wake wa kiume, Simon, anafunga ndoa ya uongo na msichana ili kuwaridhisha wazazi. Baba, anayeigizwa na Sihung Lung, anaelewa kila kitu. Anampa Simon bahasha nyekundu ya pesa, anamwambia kwa Kiingereza kwamba ameona na amejua, kisha anamtaka asimwambie mtu. Anaeleza na sababu: asingekubali kudanganywa, asingempata mjukuu.

Wengi wanaiona hekima tupu pale. Mimi naona na ukali. Mzee anapata mjukuu na heshima yake inabaki. Simon anapata bahasha, na mzigo wa siri juu yake. Lee anampenda baba yule, inaonekana wazi, lakini kamera yake haimwachi Simon peke yake. Kwa sababu hiyo namwamini zaidi anapoonyesha heshima kuliko waongozaji wanaoisifia tu.