Nyayo za Tui

Wete, usiku. Mvua imekatika kidogo, vyura wamechukua zamu.

Leo mguu wa kushoto wa Tui umelala wazi, bila bendeji. Ni siku ya kumi na tisa tangu nianze kumfunga, na nimeshakwenda kumtazama kwa tochi mara tatu tangu isha.

Tui ni sungura wa binti yangu. Alikuja kwetu akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kifumbu cha kuchujia nazi, na rangi yake ni ile ile ya kinachokamuliwa humo. Banda lake nililisimamia mimi mwenyewe. Fundi aliuliza chini aweke nini, nikamwambia waya wa kuku, ili kinyesi kidondoke na mnyama abaki msafi. Niliona nimefanya jambo la maana. Nikamnenepesha kwa mkate na ndizi mbivu, kucha zikarefuka sikuzikata, na masika ilipoingia maji ya mvua yakawa yanarushwa mpaka ndani. Naandika yote haya kwa sababu kila moja lina mkono wake katika vile vidonda.

Aliyegundua ni mtoto. "Mama, mbona Tui anakanyaga kama yuko kwenye mchanga wa moto?" Nikamtoa, nikamgeuza. Chini ya miguu ya nyuma, pale kwenye kisigino, manyoya yalikuwa yamekwisha. Kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa, duara kama sarafu. Kulia ilikuwa imepasuka, ina kigaga cheusi, na pembeni panatoka majimaji. Sungura hana vile vijinyama laini alivyonavyo paka chini ya nyayo. Kinga yake ni manyoya tu, na yakiisha, mfupa hauko mbali.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa hakulia hata siku moja. Mnyama anayewindwa huficha maumivu yake, alikuwa anakula na kutusogelea kama kawaida, nami kila siku nilikuwa namkuna kichwani.

Nyumbani kulikuwa na vidonge vya amoksilini vilivyobaki mtoto alipougua koo. Nilikuwa nimeshapasua kimoja nimchanganyie kwenye maji, Mungu akaniongoza nimpigie kwanza daktari wa mifugo. "Usithubutu, dada!" Akanieleza kuwa dawa za jamii ya penisilini, sungura akizimeza, huua vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsagia majani. Anaharisha, na anaweza kufa. Alikuja jioni ile, akampiga sindano ya dawa inayomfaa na nyengine ya maumivu, akamkata kucha. Kucha ndefu huinua vidole, uzito wote ukarudi kwenye kisigino. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi tayari kunyoa manyoya yaliyozunguka kidonda ili dawa ipenye. Akanizuia: hayo yaliyobaki ndiyo mto wake.

Basi kila jioni ni hivi. Bi Mkubwa anakaa juu ya mkeka, anamviringisha Tui kwa kanga kama mtoto mchanga, mguu mmoja nje. Mkono wake mmoja hauachi kiuno cha nyuma, maana sungura akipiga teke bila kushikiliwa huweza kujivunja mgongo. Nachemsha nusu lita ya maji kwa kijiko kidogo cha chumvi, nayaacha yawe vuguvugu, naosha polepole. Kigaga sikibandui. Iodini naizimua mpaka iwe kama chai ya rangi iliyo nyepesi, nagusisha, nakausha kwa kupapasa. Halafu kipande cha shashi juu ya kidonda, kwa sababu pamba ikikaa moja kwa moja nyuzi zinanata. Pamba inafuata juu yake, kisha bendeji, ncha za vidole zikibaki nje.

Usiku wa pili nilikaza mno. Niliogopa ataivua. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na ni vya baridi, na nilikata ile bendeji huku mikono inanitetemeka. Bi Mkubwa hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, kidole chako cha mwisho kipite chini yake. Kisipopita, fungua." Sasa napima kwa kidole, na alfajiri kabla ya sala napitia kugusa vidole vyake kama vina joto. Naangalia na kinyesi pia: vidonge vikipungua au asipokula nusu siku, nimeambiwa nisingoje kesho.

Lakini bendeji ingekuwa kazi bure juu ya ule waya. Siku ile ile tuliweka mbao, na Bi Mkubwa akatoa mkeka wake mkongwe wa ukili usiotiwa rangi, uliolainika kwa kukaliwa miaka. Juu yake tunatandaza ukoka mkavu, tunaubadilisha asubuhi na jioni. Kukausha ukoka masika hii ni mtihani. Tunauanika juu ya uchaga wa jikoni, moshi wa kuni unatusaidia. Mkate na ndizi zimekoma, na baada ya laasiri Tui anatembezwa barazani.

Mguu wa kulia bado. Kigaga kimepungua, majimaji yamekatika, ila daktari amesema ni wiki nyingi, na pengine manyoya pale hayatarudi kama zamani. Wa kushoto, leo, nimeona kwa macho yangu vinyweleo vyeupe vimechomoza pembeni ya lile duara, vifupi, laini kama ukungu wa embe changa.

Sasa hivi nimemsikia anatafuna. Nimemulika: ameanza pembe ya mkeka. Bi Mkubwa naye yuko macho, yuko ukumbini na ukindu wake, anasuka ukili wa mkeka mwengine.