Usiku Mmoja Ngomeni, Lamu

Boti ya Mokowe ilinishusha Amu, yaani mji wa Lamu, baada ya adhuhuri, nami sikutua hata mkoba. Nilikwenda moja kwa moja hadi uwanja wa Mkunguni, nikasimama mbele ya ngome niliyoifungia safari: kuta nene za mawe ya matumbawe, lango zito, punda wawili wamejibanza kivulini. Mombasa nilikuwa nimesimuliwa kwamba usiku humo husikika minyororo, na mtu akikohoa chumbani ambamo hamna mtu. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

Ngome hii ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Amu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa kule Shela na kumwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Lakini kilichonileta ni mambo ya baadaye. Tangu 1910 hadi 1984 hapa palikuwa jela, ya Waingereza kwanza, kisha ya Kenya huru. Miaka 74, katikati ya mji, sokoni kabisa! Kwangu hilo ni zito kuliko jini yeyote.

Nilipata ruhusa ya kukesha, nikawa pamoja na mzee mmoja mlinzi. Nilibeba kinasa sauti, kipimajoto, tochi na daftari, na nilijiwekea sharti: sauti yoyote niitafute chanzo kwanza, ndipo niiandike.

Saa mbili na robo usiku, kishindo kikavu juu. Nilipanda ngazi, nikamulika dari: boriti za mikoko. Nikaweka kiganja ukutani, kulikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Mawe yameota jua mchana kutwa. Yakianza kupoa, boriti nazo hujivuta na kulia. Nilikaa chini yake hadi zikalia tena mara tatu. Mbawa nilizozisikia saa tatu zilikuwa za popo. Minyororo nayo ilikuwepo kweli: mnyororo wa mlango wa ndani, upepo wa kaskazi ukiupigapiga ubaoni. Niliushika, sauti ikakatika.

Saa tano kasorobo nikasikia kikohozi.

Kilitoka ndani ya chumba cha pembeni, karibu nami kiasi kwamba nywele zilinisimama. Nikamulika: sakafu tupu, tundu dogo la hewa juu ukutani. Mzee alisoma Ayatul Kursi taratibu hadi mwisho, kisha akasema, “Mimi nikiisikia hiyo huitolea salamu.” Sikulala tena.

Asubuhi nilizunguka nje hadi nikapata uchochoro unaopita chini ya tundu lile. Nilimwomba kijana mmoja akohoe pale, nikarudi ndani mbio. Kikaja vilevile, kama mtu ameketi kando yangu. Sauti ya njiani hupanda na ukuta, huingia tunduni na kujaa chumba kizima.

Nilimweleza mzee, nikidhani nimemwondolea mzigo. Alinyamaza kitambo.

“Ndoo, mwanangu,” akaniambia, yaani njoo kwa Kiamu, akanishika mkono hadi mle chumbani. Mjomba wake alifungwa humu. Mama yake alikuwa akipita uchochoroni jioni, na kwa kuwa hakutaka kumwita ndugu yake mbele ya askari, alikuwa akikohoa mara mbili, ili huyu wa ndani ajue kwao wazima. Yeye mzee, mtoto wakati huo, alikuwa ameshikilia buibui la mama, akishangaa kwa nini mama anakohoa ilhali haumwi.

“Basi alikuwa akisikia,” akasema. “Mama amekufa hajui kama alikuwa akisikia.”

Akaniomba nibaki mle ndani. Nilisikia makubadhi yake yakishuka ngazi, yakapotea. Punda akalia sokoni. Kisha, juu ya kichwa changu, kikohozi kimoja, kimya kidogo, na cha pili.