Nimerudi Pemba, kisima chetu kimeingia chumvi

Wenzangu wakirudi huweka picha za barabara na taa za usiku, na barabara kweli zipo, Alhamdulillah. Mie kilichonishika ni maji. Hapa kwetu kusini ya Pemba, huku upande wa Mkoani tunakotazamana na Kisiwa Panza, kile kisima tulichokuwa tukitoka pwani mbio mbio tunakunywa kwa kata, sasa hivi maji yake yana chumvi. Na si ya kubahatisha, ya kukunja uso. Nimetia mdomoni nikatema, bibi mmoja jirani akaniangalia akasema, "Wewe umezoea ya chupa mwanangu, sie ndo haya haya."

Wallahi neno lile halijanitoka. Nimetoka Muscat, kule jangwani, watu wanasafisha maji ya bahari mpaka yanakuwa matamu. Huku kwetu tuliojaaliwa masika na vuli tunakunywa bahari.

Basi kila nyumba nikiingia kusalimia naonyeshwa karatasi za kliniki. Mama mkubwa presha, mke wa ami presha, mdogo wangu wa kike mimba yake ya mwisho kalazwa kwa presha mpaka tukakata tamaa. Zamani presha tuliijua ya wazee wawili watatu pale msikitini. Mama mkubwa anasema kaambiwa kliniki apunguze chumvi, akarudi nyumbani anajiuliza apunguze ipi, ya chunguni au ya kisimani? Maharage anapika bila kutia hata chembe, nimeyala, yamekolea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sasa huyu anayeikuta kwenye chai, kwenye uji na kwenye maji ya kumezea dawa ya presha yenyewe anahesabu vipi? Bangladesh wamefanya utafiti, vijiji vya pwani vilivyoingiwa na chumvi kama sie, wakaona wajawazito wanaokunywa maji ya namna hii wanapata presha na kifafa cha mimba kuliko wenzao. Sie wa Pemba maji yetu yamepimwa na nani, lini?

Wasioelewa inakuwaje niwaambie. Chini ya ardhi yetu ya pwani maji matamu ya mvua yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Bahari ikipanda au mvua ikikatika au mkivuta kwa pampu kutwa kucha, yale ya chumvi yanapanda juu. Sasa hapa yote matatu yapo, na ya nne mikoko tumeikata wenyewe kwa kuni na boriti kwa hiyo bamvua, yale maji makuu ya bahari, linaingia mpaka mabonde ya mpunga. Nani asiyelikumbuka bonde letu, tulivyokuwa tunafukuza ndege? Limeachwa, limeota majani ya chumvichumvi. Msiniambie ni tabianchi peke yake na msiniambie si tabianchi, yote yanatuua kwa pamoja.

Bahari yenyewe mnaijua habari yake. Matumbawe yalipauka 1998, yakapauka tena 2016, samaki wamesogea mbali, vijana wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, wanakaa huko na watoto nyumbani wanakula muhogo mtupu. Wamama wa mwani, ule mnene wenye bei unakufa maji yakipata joto, unageuka mweupe unakatika, umebaki mwembamba ambao hela yake ndogo. Wanaoutaka mnene wanaufuata kwenye kina, maji kifuani, na wengi hawajui kuogelea, macho mekundu kwa jua na ngozi inawasha. Wakitoka huko wanakwenda kutafuta maji ya kunywa, dumu la lita 20 kichwani, mgongo ule ule uliokuwa umeinama tangu alfajiri. Hili ndilo linalonikera zaidi ya yote, mwanamke anatoka kwenye chumvi anarudi kwenye chumvi.

Nyie mlio nje, na nawajua kwa majina, hela za mahema na mapambo ya harusi zinakuja haraka sana. Leteni mashine ya presha moja kwa kila mtaa, mtu apimwe kabla hajaanguka. Leteni mifereji ya bati. Mabati yapo kila nyumba siku hizi, mvua ya masika inamwagika chini yote inakwenda baharini na ndani watu wanakunywa kisima. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, ndo muanze kukinga, na tangi lifunikwe vizuri mbu wa dengi wasizalie. Mjamzito na mwenye presha wapewe hayo kwanza, kisima kibaki cha kuogea na kufulia.

Kwa mama mkubwa naanza wiki hii kabla masika haijafika. Fundi mmoja ananiambia tangi la saruji, mwengine anasema la plastiki kwa sababu saruji itapasuka kwenye ardhi yetu hii ya mchanga. Aliyejenga la saruji Mkoani au Chake likakaa, aniandikie hapa alichimba msingi kiasi gani na nondo gani alitia.